Tupeane uzoefu: kiatu au nguo ya jina kubwa uliyonunua, mliishia wapi?

Bintiamu

Habari zenu wapendwa. Naanza na langu ili na wengine mfunguke.

Miaka saba iliyopita nilinunua viatu vya mbunifu mmoja mwenye jina, vya kuvaa kwenye harusi ya mdogo wangu. Nilidunduliza karibu mwaka mzima. Nikavivaa siku ile moja, nikavifuta, nikavirudisha kwenye kimfuko chake cha kitambaa, nikavifungia ndani ya boksi na kuviweka juu kabisa ya kabati. Kila nilipopata pa kwenda nilijiambia, hapana, hivi ni vya siku kubwa.

Mwaka jana siku kubwa ikafika. Nikavitoa, ngozi inang'aa kama jana, nikavivaa, nikatoka. Sijafika getini nasikia kitu kama mchanga chini ya unyayo. Kugeuka nyuma, naona vipande vyeusi vimenifuata tangu mlangoni. Nikainama nikabonyeza soli kwa kidole gumba, ikamomonyoka kama udongo wa kichuguu.

Nililia, siwezi kuficha. Fundi alinieleza baadaye kwamba soli zile ni za poliyurethani, aina ya plastiki. Ni nyepesi na laini kuvaa, ila unyevu wa hewani huzila polepole hata usipozikanyagia, na boksi halizikingi. Yaani miaka yote ile nikidhani navitunza, vilikuwa vinaisha kabatini. Tangu hapo nikiingia dukani swali langu la kwanza si jina. Nauliza soli ni ya nini, na ikiisha inabadilishika?

Haya, nanyi.

FundiSoli

Pole sana dada. Natengeneza viatu mwaka wa kumi na tisa sasa, na haipiti miezi miwili kabla kisa kama chako hakijaletwa mezani kwangu. Niruhusuni nieleze kwa kirefu kidogo, maana hapa ndipo watu wengi wanapoumia.

Soli ya kiatu cha ngozi hushikizwa kwa njia nyingi, ila tatu ndizo mtakazokutana nazo sana. Ya kwanza ni gundi tupu. Sio mbaya kwa kiatu chepesi, ila usikubali kulipia gundi bei ya mshono. Ya pili ni mshono wa Blake, kwa jina la Mmarekani Lyman Blake aliyepata hataza ya mashine yake mwaka 1858. Uzi unatoka ndani ya kiatu moja kwa moja hadi soli ya nje. Kiatu kinakuwa chembamba na kinajikunja vizuri, ila siku ya mvua maji hupenya kwenye matundu ya sindano. Ya tatu ni mshono wa Goodyear. Hapo kuna ukanda unaozunguka ukingo wa kiatu. Ngozi ya juu imeshonwa kwenye ukanda huo, na soli nayo imeshonwa kwenye ukanda huohuo kwa uzi mwingine. Soli ikiisha nakata uzi wa chini, nabandua, nashona mpya, na ngozi ya juu sijaigusa. Nina mteja ambaye jozi yake moja nimeibadilisha soli mara nne na bado anaivaa kazini.

Angalieni lakini. Kuna viatu vyenye ukanda wa uongo. Mishono inaonekana ukingoni, ila ukisogeza jicho karibu huoni mstari wa muungano kati ya ukanda na soli, kwa sababu vyote vimemwagwa kwenye kalibu moja. Uzi ule haushiki kitu. Nimeukuta kwenye viatu vya majina ambayo mngeshangaa.

Na dada zangu wa soli nyekundu za mbunifu wa viatu Christian Louboutin: mwaka 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikubali kwamba rangi ile chini ya kiatu cha kisigino inaweza kulindwa kama alama ya biashara. Ni haki yake. Ila hiyo ni rangi iliyopakwa juu ya ngozi, na lami huikwangua tangu matembezi ya kwanza. Pitieni kwa fundi kabla hamjavivaa nje, awabandike mpira mwembamba, upo hata mwekundu. Wengi huja soli ikiwa imeshatoboka, na hapo kazi inakuwa kubwa.

Sindano7

Langu ni la saizi. Navaa 42 ya Kifaransa, naijua kama ninavyolijua jina langu. Nikaona gauni la hariri mtandaoni, la Kiitaliano, limepunguzwa bei, limeandikwa 42. Nikalipa palepale. Limefika, mabega hayapiti! Kumbe 42 ya Italia ni kama 38 ya Ufaransa, saizi mbili nzima chini. Na wale jamaa walikuwa wameandika kwa herufi ndogo kwamba bidhaa za punguzo la mwisho hazirudishwi. Nilikuwa sijasoma.

Siku hizi natandaza kitandani nguo yangu inayonikaa vizuri, napima kwapa hadi kwapa, kiuno, na urefu kuanzia begani. Kisha namwandikia muuzaji anipimie yake vivyo hivyo. Asiyetaka kupima namwacha, hata nguo iwe nzuri vipi.

Mtulivu

Viatu jaribuni jioni, mguu ukiwa umeshavimba, na soksi utakazovalia. Jaribu miguu yote miwili, kisha chagua kwa ule mkubwa. Na muuzaji akikwambia "kitaachia tu", jua ngozi hutanuka kidogo kwa upana, lakini kwa urefu haiongezeki. Mimi nilimwamini, nikapoteza ukucha wa dole gumba.

KotiRefu

Nina mawili.

La kwanza bado linaniuma. Kijana mmoja aliniuzia jaketi akidai ni mabaki ya kiwanda ya chapa kubwa. Nikaangalia zipu, imeandikwa YKK, nikajiambia basi hii ni orijino. Ndugu zangu, YKK ni kampuni ya Kijapani iliyoanzishwa mwaka 1934, na zipu zake zimo kwenye majaketi ya kila aina na kila bei. Haithibitishi chochote. Kilichonifumbua macho ni lebo ya ndani iliyosema sufu tupu. Nikachomoa nyuzi mbili kwenye pindo nikazichoma kwa kiberiti. Sufu ikiungua hunuka kama nywele na huacha jivu linalosagika vidoleni. Hizi ziliyeyuka, zikajikunja, zikaacha kitone cheusi kigumu kama kichwa cha pini. Nilikuwa nimenunua plastiki.

Na ile hadithi ya mabaki kuuzwa kwa bei ya kutupa, ipimeni vizuri. Burberry, kampuni ya mavazi ya Uingereza, wenyewe walieleza kwenye taarifa yao ya mwaka 2018 kwamba ndani ya mwaka mmoja waliharibu bidhaa zao ambazo hazikuuzwa zenye thamani ya pauni milioni 28.6. Walilaumiwa sana, na Septemba mwaka huohuo wakatangaza kuacha. Ikiwa mwenye mali aliona afadhali aiharibu kuliko ishuke bei, huyu kijana yake ameitoa wapi? Swali hilo lingeniokoa.

La pili ni la furaha. Nilipata koti refu la gabadini, kile kitambaa kilichofumwa kwa kubana, kuukuu, kwa mtu aliyekuwa anapunguza nguo zake. Safari hii sikukimbilia lebo. Nililigeuza nje ndani kwanza. Bitana ilikuwa imechanika kwapani, hilo si tatizo, bitana hubadilishwa. Nikainua viwiko kuelekea dirishani, mwanga haukupita, kitambaa hakijachakaa. Mistari ya miraba kwenye mfuko ilikutana sawasawa na ya ubavuni, kama vile mfuko haupo. Kisha nikafunua pindo la mkono: ndani kulikuwa na akiba ya kitambaa ya vidole vitatu. Mimi nina mikono mirefu, hakuna koti linalonifika kwenye kifundo. Mshonaji aliteremsha pindo, akapiga pasi, basi. Aliyelishona koti lile alimfikiria hata mtu ambaye angekuja kulivaa baadaye, na jambo hilo linanigusa kila ninapolivaa.

MamaPacha

Mimi nilichukua viatu kwa mkopo, kulipa kidogo kidogo miezi kumi na miwili. Mwezi wa saba kisigino kimoja kilikatika. Miezi mitano nililipia kiatu ambacho siwezi kukivaa, na kila makato yakiingia nakikumbuka. Sasa hivi sinunui cha gharama mpaka nimekiacha dukani mwezi mzima, na nimeshataja nguo tatu nilizonazo tayari zinazoendana nacho. Zisipofika tatu, sirudi.

Bintiamu, na vile viatu vyako ulivitupa?

Bintiamu

Hapana dada, vipo! Baada ya kusoma maelezo ya FundiSoli nilimwandikia, akaniambia nivipeleke kwa fundi yeyote mwenye kalibu za mbao zenye umbo la mguu, za saizi yangu. Ngozi ya juu ilikuwa nzima kabisa. Nikawekewa soli ya ngozi, na mpira mwembamba chini yake. Kimfuko cha kitambaa nimekigeuza cha kubebea brashi na dawa ya viatu. Leo nimeendea kazini navyo, Jumanne ya kawaida tu, na kulikuwa na tope.