Dispensari ya serikali: nini chakufanya urudi?

Mkaazi wa Langoni:
Asalaam aleikum jamani. Niko kwa kamati ya dispensari huku Lamu, kila mkutano ni mabati na rangi tu, mgonjwa mwenyewe hatumuulizi. Ada ziliondolewa dispensari na vituo vya afya tangu 2013 na bado watu wapita mlangoni waenda chemisti kulipa. Kwa nini?

MamaPate:
Waleikum salaam. Dawa kaka! Watoka kisiwani, walipa boti, wangoja maji yajae, ukifika waandikiwa karatasi ukanunue nje, sasa bure iko wapi hapo? Nikijua dawa za presha za mama ziko kila mwezi nitakaa foleni hata mpaka adhuhuri na sina neno.

Kijana Malindi:
Kusikilizwa. Huku kwetu kuna nesi akikuona akuuliza kile kidonda chaendeleaje, yaani akukumbuka, watu wamngoja yeye hata chumba cha pili kikiwa kitupu.

Bint Shela:
Na siri jamani!! Pale dirisha la dawa waitwa kwa sauti na ugonjwa wako juu, mtaa mzima wajua kabla hujafika nyumbani. Wasichana wanaotaka uzazi wa mpango hawaji kwa hilo tu, na hilo halihitaji pesa kurekebisha.

Mkaazi wa Langoni:
Shukran sana. La dirisha nalipeleka mkutano ujao. @MamaPate, wahamasishaji wa afya wa jamii wakiwapasha habari za dawa zilizopo kabla hamjapanda boti, itasaidia?

MamaPate:
Sana, hata kesho waanze.