Miti zaidi Shimba Hills: maji ya Mombasa yataongezeka au yatapungua?

Boza la Kisauni
Salaam nyote. Tangu itangazwe kampeni ya miti bilioni 15 kufikia 2032, kila mkutano wimbo ni mmoja: pandeni miti Kwale, mifereji ya Mombasa itatoa maji. Mji huu hunywa kutoka Mzima, Baricho, Tiwi na Marere. Marere ndiyo iliyo Shimba Hills kwenyewe, basi tuizungumzie hiyo. Tukijaza mikaratusi na mvinje kwenye nyasi na mashamba yaliyo juu ya chemchemi, maji yataongezeka au yatapungua? Nataka hesabu, methali twazijua.

Mpima Maji
Yatapungua, na sababu iko kwenye jani. Jani hufungua vitundu vyake ili hewa ya ukaa iingie. Ndani mna unyevu, nje ni kukavu, basi vitundu vikiwa wazi mvuke nao watoka. Kwa kila molekuli moja ya hewa ya ukaa inayonaswa, mti hupoteza molekuli za maji kwa mamia. Mahindi hupoteza karibu nusu ya hizo, kwa kuwa yana namna yao ya kuirundika hewa hiyo ndani ya jani kabla ya kuitumia. Anayewauzia miradi ya kaboni, yaani kulipwa kwa hewa ya ukaa inayonaswa na miti, bila kuwatajia maji amewaonyesha ukurasa mmoja wa daftari.

Hesabu ni hii. Milimita 1 ya maji juu ya hekta 1 ni lita 10,000, yaani boza moja. Tuseme miti ya kupandwa inatumia milimita 200 kwa mwaka zaidi ya nyasi. Hayo ni maboza 200 kwa hekta moja, au mitungi 100,000 ya lita 20. Hiyo 200 sikuiokota njiani. Watafiti Bosch na Hewlett walikusanya majaribio 94 ya mabonde ya mito mwaka 1982, wakaona kila asilimia 10 ya bonde inayogeuzwa misonobari au mikaratusi hupunguza maji ya mto kwa kama milimita 40 kwa mwaka, zikigawanywa bonde zima. Kwa hekta iliyopandwa yenyewe ni kama 400. Nimechukua nusu kwa sababu upungufu huwa mkubwa penye mvua nyingi, na sisi twapata 1,000 hivi tu.

Afrika Kusini wameliweka hili kwenye sheria yao ya maji ya 1998: shamba la miti ya biashara huhesabiwa kuwa shughuli inayopunguza mto.

Shamba la Matuga
Kaka Mpima, wewe wahesabu mwaka mzima, sisi twakaukiwa Februari. Tena umelinganisha miti na nyasi nzuri. Ardhi tunayoizungumzia imelimwa mahindi miaka na miaka, ng'ombe wameikanyaga, uso umekuwa sakafu. Mvua ya Mei ikipiga pale, maji hayazami. Yateremka na udongo wake, na siku ya pili yako baharini. Chini ya mti mizizi iliyooza na mchwa huacha vitobo, maji yashuka, ndiyo yanayotoka kwenye chemchemi wakati wa kiangazi. Utafiti wa Burkina Faso uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba maji mengi zaidi yalifika chini penye miti ya kiasi. Penye uwazi mtupu yalipungua, penye msongamano pia. Kwa hivyo usitupigie marufuku miti. Mikorosho na miembe iliyoachana, nyasi katikati, ng'ombe wazuiwe: hapo chemchemi yaweza kupata faida.

Kijani Kibichi
Nyote mmesahau mvua yenyewe! Ule mvuke haupotei. Wapanda, wawa mawingu, waturudia. Amazoni hivyo ndivyo inavyojinyeshea.

Nahodha wa Kusi
Amazoni ni bara zima, Shimba ni kilima kisichofika mita 500, na bahari iko mlangoni. Tazama pepo. Shimba iko kusini-magharibi ya Mombasa. Kusi huusukuma mvuke wake kuelekea Taita na Tsavo, kaskazi huupeleka upande wa Tanga. Ili uturudie sisi ingebidi upepo utoke bara, na mvua yetu haiji hivyo, yatoka baharini. Ukitaka kuibana hoja hadi itoe machozi, sema tone moja laweza kuanguka vilima vya Chyulu, vinavyolisha chemchemi ya Mzima, likarudi kwa bomba lake. Sawa, nionyeshe tone hilo.

Ukungu nakukubalia. Miti mirefu ya asili ukingoni mwa kilima hunasa matone ya alfajiri yakadondoka chini. Hiyo ni sababu ya kuulinda msitu uliopo, ambao umekuwa hifadhi ya taifa tangu 1968. Miche ya mkaratusi haitafanya kazi hiyo.

Mpima Maji
Bw. Matuga, kwa ardhi iliyoharibika nakubali, nimeinamisha kichwa. Lakini angalia ahadi zenyewe: wenye miradi hawataki mikorosho iliyoachana, wataka miti ya karibu karibu inayokua upesi, maana ndiyo inayohesabika kwa tani za kaboni. Mkaratusi nao husingiziwa. Kwa kilo moja ya mbao hautumii maji mengi kuliko miti mingine. Hekta yake hunywa sana kwa sababu hutoa mbao nyingi. Mwaka 2009 waziri wa mazingira, John Michuki, aliagiza uondolewe kandokando ya vyanzo vya maji. Mahali alipatia, ila mti mwingine wowote unaokua kwa kasi ile ungestahili agizo lile lile.

Jambo moja wapandaji hulisahau ni umri. Kimakia, huko Aberdare, miaka ya 1950, mianzi ilikatwa ikapandwa misonobari. Mwanzoni mto uliongezeka maji. Matawi yalipofungana, matumizi yakarudi kama ya mianzi. Mwanasiasa atakayepima mto mwaka wa pili atapiga picha akicheka.

Mkoko wa Tudor
Kama shida ni kaboni, kwa nini tuing'ang'anie Shimba? Mikoko hutumia maji ya bahari, haigombanii mfereji wa mtu. Kaboni yake nyingi iko kwenye tope, ambako hewa haifiki na kuoza ni polepole, na salfeti ya maji ya chumvi hubana vijidudu vinavyotoa methani, gesi nyingine inayopasha dunia joto. Gazi, chini ya mradi wa Mikoko Pamoja, wauza kama tani 3,000 za hewa ya ukaa kwa mwaka kutoka hekta 117.

Ila msikimbilie kuchomeka vijiti kila penye tope. Mkoko ukipandwa chini mno, penye maji kutwa, hufa, na chaza wadogo huushika shina ukaelemewa. Ukipandwa juu, penye chumvi kali inayostahimiliwa na mchu, aina nyingine ya mkoko, hukauka. Na bara ikimomonyoka hakuna atakayesalimika: mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kwenye hori ya Mwache, magharibi ya Mombasa, ukaziba mizizi ya kupumulia na mikoko ikafa eneo kubwa. Kwa hiyo bonde la Mwache lahitaji miti na nyasi kwa ajili ya udongo, hasa na bwawa linalojengwa pale, hata kama maji hayataongezeka.

Kijani Kibichi
Basi tusimamishe mnara wa kupimia hewa juu ya Shimba, ubishi uishe.

Mpima Maji
Ule mnara hupima upepo wa juu-chini pamoja na mvuke na hewa ya ukaa, mara 10 au 20 kwa sekunde, kisha hufanya wastani wa nusu saa. Ni chombo kizuri penye tambarare. Kilimani, usiku upepo ukitulia, hewa ya ukaa inayopumuliwa na miti na udongo hulala chini na kuteleza bondeni bila kupita kwenye mnara. Msitu waonekana unameza kuliko kweli. Ongeza chumvi ya bahari kwenye vioo vya kipimo. Anzeni na kijito.

Boza la Kisauni
Kijito chapimwa vipi bila mamilioni?

Mpima Maji
Bati la chuma lenye pembe ya V ya nyuzi 90, likatizwe mtoni, pembeni pazibwe maji yasipenye. Kina cha maji juu ya ncha ya V, kwa mita, kipandishe kwa kipeo cha 2.5, zidisha kwa 1.38, wapata mita za ujazo kwa sekunde. Sentimita 10 ni lita 4.4 kwa sekunde, sentimita 11 ni 5.5. Umeona? Kosa la sentimita moja ni robo ya maji yote. Kijiti cha kusomea kikae nyuma ya bati, upande maji yanakotoka, mbali kidogo, kwa sababu maji huinama yakikaribia kumwagika. Majani yakikwama kwenye V, kina hupanda na mto huonekana mkubwa. Basi soma, toa majani, ngoja maji yatulie, soma tena, andika zote mbili. Na mchanga ulioziba nyuma ya bati uchotwe kila baada ya mvua kubwa. Wekeni mabati mawili, moja kwenye kijito kitakachopandwa na jingine kwenye kijito jirani kisichoguswa, mpime vyote viwili miaka kadhaa kabla ya mche wa kwanza kuingia shimoni.