Mafundi wa dizeli acheni kupiga ramli! Injini ya Hilux yangu mmeihukumu kifo bila kuipima

Wakuu, wiki ya tatu sasa najiambia yaishe, lakini kila nikifungua daftari la matumizi damu inachemka upya. Leo nayamwaga.

Gari ni Hilux pikapu, injini aina ya 3L, dizeli ya silinda nne, cc 2779. Ilikuwa ya kaka yangu. Alipofariki ikabaki nyuma ya nyumba kule Njombe, chini ya mparachichi, miaka miwili haijaguswa. Na hata kabla ya hapo, kijana aliyekuwa akiiendesha alikuwa anaongeza oili tu, kumwaga hamwagi. Nilipochomoa kijiti cha oili kilitoka na kitu cheusi kizito kama lami. Kwenye rejeta kulikuwa na maji matupu ya bomba yaliyogeuka rangi ya matofali. Kwa hiyo msije mkaniambia sikujua. Nilijua nimepokea gari lililotelekezwa. Ila gari lililotelekezwa si gari lililokufa, na ugomvi wangu na mafundi uko hapo.

Dalili zilikuwa hizi. Julai, baridi ya Njombe mnaijua. Asubuhi unapiga stata, betri mpya, injini inazunguka vizuri kabisa, haiwaki. Nyuma unatoka moshi mweupe unaochoma macho, unanuka dizeli mbichi. Ukihangaika dakika kumi inashika silinda mbili, inatetemeka gari zima, halafu taratibu inatulia. Mchana jua likitoka inawaka kwa shida kidogo tu. Ukipakia viazi, mlimani inakata pumzi mpaka unarudi gia ya kwanza.

Fundi wa kwanza alisikiliza muungurumo kama nusu dakika, akafuta mikono kwenye ovaroli. "Bosi, pampu ya dizeli imekufa. Umewekewa mafuta yaliyochakachuliwa." Hakushika spana. Hakufungua hata kifuniko kimoja. Pampu ikang'olewa, ikapelekwa Mbeya, ikarudi na bili ya 680,000. Tukaifunga. Moshi ukawa mweupe zaidi kuliko mwanzo, na mlimani nguvu ikapungua tena.

Fundi wa pili akasema nozeli, zile zinazonyunyiza dizeli kwenye silinda. Akatoa zote nne, akaweka nyingine za boksi lenye maandishi yanayofutika ukipitisha kidole, 320,000. Zile za kaka akasema ni takataka, akabaki nazo. Injini bado haikuwaka asubuhi. Mnajua alichofanya? Alichovya kitambaa kwenye petroli, akakiweka kwenye mdomo wa bomba la hewa, akamwambia msaidizi wake apige stata. Injini iligonga kama mtu anapiga pipa tupu kwa nyundo. Nilipiga kelele aache. Akanijibu, "Kaka, hizi gari ndivyo zinavyoamshwa."

Haziamshwi hivyo! Injini ya dizeli inakandamiza hewa mpaka iwe ya moto sana, ndipo nozeli inanyunyiza dizeli pistoni ikiwa inakaribia juu. Mvuke wa petroli unaoingia pamoja na hewa hausubiri zamu yake. Unalipuka pistoni ikiwa bado inapanda, na hapo ndipo ringi zinavunjika na vichwa vya pistoni vinapasuka. Ninyi mnaofanya hivi kila asubuhi, ndio mnaoua injini mnazokuja kusema mmezikuta zimekufa.

Hukumu ya fundi huyo ilikuja siku ya tatu: hedi (kifuniko cha juu cha injini) imepasuka, kompresheni (nguvu ya kukandamiza hewa) hakuna, tafuta injini ya mtumba, milioni tatu na nusu, "nina mtu wangu". Nikamuuliza, umepima kwa geji? Akacheka. Akasema uzoefu wake ndio geji.

Nililivuta gari kwa kamba mpaka kwa mzee mmoja aliyestaafu ufundi, anayefanyia kazi uani kwake. Sikilizeni alivyoanza. Aliomba chupa ya maji tupu ya plastiki. Akalegeza koki ya chini ya filta ya dizeli, akakinga, akaiweka chupa juu ya boneti, akaenda kunywa chai. Tuliporudi, chini ya chupa kulikuwa na maji ya kimo cha kidole kimoja, yenye chembe za kutu, na dizeli imeelea juu yake. Akaniambia, "Mafuta ya taa yakichanganywa na dizeli hayajitengi hivi. Haya ni maji, mwanangu." Uchakachuaji upo, ndiyo maana EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, walianza kuweka vinasaba (kemikali ya kuyatambua) kwenye mafuta mwaka 2010, lakini kwenye gari hili ulikuwa kisingizio. Tangi lilikaa nusu tupu miaka miwili kwenye baridi, umande ukajikusanya ndani.

Gereji mbili, shilingi milioni moja, na hakuna mkono uliogusa ile koki. Na pampu ya injini hii hailainishwi kwa oili, inalainishwa na dizeli yenyewe. Maana yake pampu niliyoilipia 680,000 ilirudishwa ikaendelea kunywa maji yaleyale!

Akaendelea. Kati ya filta na pampu akaunga kipande cha mpira mweupe unaoonyesha ndani. Tukawasha mchana ilipokubali, tukaona mapovu madogo madogo yanapita mfululizo kama ya soda. Kile kipampu cha mkono kilicho juu ya filta, mpira wake wa ndani ulikuwa umechanika. Upande ule dizeli inavutwa, kwa hiyo tundu halivuji nje, linanyonya hewa. Huwezi kuliona kwa kuangalia doa chini ya gari.

Akatoa hita plagi nne, zile za umeme zinazopasha moto ndani ya injini kabla haijawaka, akazipima kwa mita. Mbili zilikuwa zimekatika. Njombe, Julai, hita plagi mbili kati ya nne hazifanyi kazi, na watu wawili wanaojiita mafundi hawakujiuliza kwa nini gari linasumbua asubuhi na mchana linakubali.

Halafu kwenye matundu yaleyale ya hita plagi akafunga geji ya kompresheni, akakata waya wa pampu ili dizeli isiingie, akapiga stata. Aliandika kwa chaki kwenye madigadi, kilo kwa sentimita mraba: 27, 26, 27, 24. Kitabu cha injini hii kinataka 32 ikiwa mpya, mwisho wa kuvumilika ni 20, na silinda zisitofautiane zaidi ya 5. Hiyo ndiyo injini "iliyokufa". Nilisimama pale nikiangalia zile namba za chaki, nikamkumbuka kaka, na nilitaka kulia kwa hasira.

La mwisho ndilo linaloniuma zaidi. Mzee alifunga saa ya kupimia nyuma ya pampu, akakuta taimingi, yaani wakati wa pampu kusukuma dizeli, imechelewa. Fundi wa kwanza hakuweka alama alipoing'oa, akairudisha kwa kukadiria. Dizeli ikichelewa kuingia haiungui yote, inatoka mbichi, ndio ule moshi mweupe zaidi. Kwa hiyo fundi wa kwanza aliuongeza moshi, na fundi wa pili akautumia kama ushahidi wa kuniuzia injini ya mtu wake.

Kichwa cha filta kipya, filta, hita plagi nne, oili na filta yake, mkanda wa taimingi kwa sababu hakuna anayejua ule wa zamani ulifungwa lini (unatakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na taa ya T-BELT ya kukumbusha ilishaungua), kusafisha tangi na rejeta, pamoja na ufundi: 430,000. Inawaka asubuhi kwa stata moja.

Najua mtakuja kusema wateja hawataki kulipia kupima. Mimi ningelipa hata 50,000 siku ya kwanza, tena kwa furaha. Hakuna aliyenitajia bei ya kupima. Walinitajia bei ya pampu.

Bado inagonga kidogo ikiwa ya baridi. Mzee anasema mbili kati ya nozeli za boksi zinadondosha badala ya kunyunyiza, na kwamba zile za kaka huenda zilihitaji kusafishwa na kupimwa tu. Nimempigia fundi wa pili mara nne, mara anasema zipo, mara anasema alishaziuza chuma chakavu. Jumamosi naenda pale gereji na mjumbe. Aliye Njombe au Makambako na anayejua mahali wanapopima nozeli kwa mashine mbele ya mteja, aniandikie hapa chini.