Ushauri: Nasajili kampuni ya mgeni asilimia 100 Guangzhou, mtaji niandike kiasi gani?

Kontena_la_Pili
Wakuu habari za wakati huu. Nataka kampuni Guangzhou, China, ya mgeni kwa asilimia 100 (hisa zote ziwe zangu), ninunue mikoba na vifaa vya simu na kuvileta Kariakoo bila kupitia kampuni ya mtu. Nimekwama kwenye mtaji: niandike yuan laki 5 au milioni 1? Pasipoti nimeshaipeleka kwa notari. Wiki hii natakiwa kutoa jibu na usingizi sipati. Naombeni msaada.

Mzee_wa_Baiyun
Usiandike namba ya kujionyesha. Sheria ya makampuni ya China iliyoanza kutumika 1 Julai 2024 inataka mtaji wote ulioandikwa uwe umelipwa ndani ya miaka 5 tangu kampuni kuanzishwa. Piga hesabu ya pango, mhasibu, mishahara na mzigo wa mwanzo, uandike hiyo.

Mengine yanakwenda hivi. Jina linasajiliwa kwa herufi za Kichina. La Kiingereza halina nguvu. Anwani iwe ya ofisi yenye mkataba wa pango. Leseni inatoka ofisi ya usimamizi wa soko, ina namba ya tarakimu 18. Kisha mihuri, benki, kodi, forodha. Benki unafungua akaunti mbili, ya yuan na ya mtaji wa kigeni, na mtaji utoke nje kwa jina la mwenye hisa aliyesajiliwa. Ukimwambia binamu akutumie kutoka Dubai, hela inakwama.

Dada_Mikoba
Mimi nauliza, kampuni ya nini? Anayenunua sokoni ana utaratibu wa manunuzi ya sokoni, ulioanzia mji wa Yiwu na sasa upo hata soko la ngozi la Huadu hapo hapo Guangzhou. Kila tamko la forodha lisizidi dola 150,000, na mzigo unatoka bila VAT. Kampuni ina faida kwako pale unapotaka kurudishiwa VAT, na hapo lazima usajiliwe kama mlipakodi wa kawaida, siyo mdogo, na kiwanda kikupe fapiao maalumu, yaani ankara rasmi ya kodi ya China. Wauzaji wengi wana bei mbili, na ya fapiao iko juu. Bila karatasi hiyo hurudishiwi hata senti.

Njia_Panda
Vijana mnakimbilia ugenini na hapa BRELA, kwenye usajili wa makampuni, hamjafika. Anza nyumbani, ndugu yangu.

Karani_wa_Mihuri
Mleta uzi, mwakilishi wa kisheria, anayesaini kwa niaba ya kampuni, ni nani? Na mihuri itakaa kwa nani? Kule ule muhuri mwekundu wa duara ndio unaoifunga kampuni.

Kontena_la_Pili
Hilo liko sawa mkuu, kuna mtu analishughulikia. Turudi kwenye mtaji.

Karani_wa_Mihuri
Mtu gani?

Kontena_la_Pili
Ni rafiki yangu Mchina, wakala wangu wa mizigo. Hisa zinaandikwa kwa jina lake kwanza, baadaye ananihamishia. Tuna mkataba wetu wa pembeni, umesainiwa. Njia hiyo ni ya haraka, haina mambo ya ubalozi, na nusu ya gharama nimeshamtumia. Mzigo wangu haujawahi kupotea mikononi mwake, jamani.

Mzee_wa_Baiyun
Basi hiyo ni kampuni ya Mchina. Umeuliza bati la paa wakati kiwanja ni cha jirani.

Angalia yatakayokukuta. Hela yako ya Dar haiwezi kuingia humo kama mtaji, kwa kuwa hutambuliki kama mwekezaji. Itaingia kama malipo ya bidhaa au mkopo, na kila moja benki itadai nyaraka zake. Faida haiwezi kukufikia kama gawio. Mkataba wa pembeni unakubana wewe na yeye tu: akimuuzia hisa mtu asiyejua habari zenu, utabaki kumdai fidia huyo rafiki yako. Na siku ya kuhamisha, kampuni inageuka ya mgeni, kwa hiyo nyaraka za ubalozi unazozikwepa leo utazileta tu, pamoja na hesabu ya kodi ya mauzo ya hisa.

Dada_Mikoba
Na kibali cha kuishi? Viza ya M ni ya biashara ya kuja na kuondoka. Ya kazi ni Z, na ukishaingia una siku 30 za kuomba kibali cha ukaazi. Huyo wakala ndiye atakayeamua kama kampuni ikuombee.

Shahidi_Mkavu
Subirini. Mwanzo amesema pasipoti iko kwa notari. Sasa anasema anakwepa ubalozi. Notari wa nini? Huyu mleta uzi ni wakala anavua wateja, au ametunga.

Njia_Panda
Hata mimi nilishtuka.

Kontena_la_Pili
Sijatunga. Nilianza njia ya mgeni: notari, Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa China. Nilipofika kwa notari, yule rafiki yangu wa mizigo akanishauri njia yake, nikasimamisha. Na si mjinga mimi, nilipima: gharama zake ni ndogo.

Shahidi_Mkavu
Weka namba ya tarakimu 18 hapa. Mfumo wa taifa wa taarifa za makampuni uko wazi, tutaona mwenye hisa na mwakilishi ni nani.

Kontena_la_Pili
Leseni ametuma picha ya nusu tu. Namba haionekani.

Karani_wa_Mihuri
Omba picha nzima leo, na uulize mihuri imeshachongwa au bado. Nusu ya pili ya hela usiitume. Na hati iliyo kwa notari iendelee na safari yake wizarani.

Kontena_la_Pili
Nimemwandikia. Amesoma, hajajibu.