Naomba ushauri: nimpeleke mama kwenye mlo wa sahani saba?

Assalaam alaykum wapendwa. Mdogo wangu anayefanya kazi nje katulipia mimi na mama chakula cha usiku kwenye mkahawa mmoja wa juu darini, hapa Mji Mkongwe. Huchagui chakula, mpishi anakuletea sahani saba, moja baada ya nyengine, na usiku huo zote zinahusu karafuu.

Mama ni wa Wete. Karafuu kazichuma, kazichambua, kazianika kwenye majamvi tangu mtoto. Nilipomwambia kuna watu wanalipa kuzila na pweza, alicheka mpaka akashika mbavu.

Mie niliwahi kwenda mara moja na wageni wa kazini. Sahani ya pili ilikuja kubwa kama sinia, katikati kipande cha pweza kama kidole gumba na matone matatu ya mchuzi. Kitamu, sikatai. Lakini saa tano nilikuwa Forodhani nakunywa urojo.

Sasa, nimlishe kidogo kabla ya kutoka, au nitaharibu? Na linaloniumiza kichwa zaidi: baadhi ya sosi hutiwa mvinyo. Wanataka uwaambie mapema usichokula, ila nilipouliza kwa simu nilijibiwa "usijali dada". Hilo si jibu. Nisemeje nieleweke bila ya kuonekana mkorofi? Tena Isha itatukuta mezani. Kuna aliyewahi kuomba waanze baadaye wakakubali?

Nijibuni haraka, mama keshapiga pasi baibui lake.