Tab kwenye Mac inaruka linki zote, na fomu nyingine hazikubali kibodi kabisa. Naombeni msaada wakuu

karani_wa_moro

Wakuu habari za jioni, naombeni mnisaidie maana nimehangaika wiki nzima. Mimi ni karani, kazi yangu ni kuingiza taarifa kwenye mifumo kutwa nzima. Mwaka juzi nilipata ajali ya bodaboda, mkono wa kulia ukapona lakini vidole vinatetemeka, mausi siiwezi tena, nikilenga batani hii nabofya ya pembeni. Kubonyeza kibodi naweza vizuri tu kwahiyo nikajifundisha kufanya kila kitu kwa kibodi. Ofisini tunatumia Windows na Chrome, Tab inanipeleka mbele, Shift na Tab inanirudisha, Enter kwenye linki, Space kwenye kisanduku cha tiki, Alt na mshale wa kushoto narudi nyuma, nilishazoea kabisa.

Sasa kaka yangu kanipa laptopu yake ya Mac niwe nafanyia kazi nyumbani. Nafungua Safari, nabonyeza Tab, inaruka linki zote inaenda kwenye sehemu za kuandika tu! Yaani ukurasa una linki hamsini mimi naziona kwa macho tu sizifikii. Nimeibiwa setingi au ndio Mac zilivyo?

La pili, kuna fomu moja ya mtandaoni natakiwa kuijaza kila mwezi, naijaza yote kwa kibodi hadi mwisho, nikifika kwenye Wasilisha Tab inaipita kama haipo. Hata kwenye Windows ya ofisini ni hivyohivyo. Kila mwezi namwita mtu aje anibofyee batani moja, na kwenye fomu kuna mishahara ya watu, sipendi kabisa.

fundi_wa_k_koo

Pole sana dada. Hujaibiwa kitu, Safari ndivyo inavyokuja toka kiwandani. Fungua Safari, bonyeza Command na alama ya mkato setingi zifunguke, nenda Advanced, utaona kisanduku kimeandikwa "Press Tab to highlight each item on a webpage", kitie tiki. Kama uko kwenye kompyuta ya mtu hutaki kugusa setingi zake, shika Option halafu Tab, itapita kwenye linki bila kubadilisha chochote.

Halafu kuna ya pili watu wengi wanaisahau, hiyo ni ya mfumo wenyewe sio ya brauza. System Settings, Keyboard, washa "Keyboard navigation". Bila hiyo, kwenye vile vidirisha vya Mac vinavyouliza usevu au usisevu utakuwa unakwama kwenye batani. Mac za zamani kidogo iko ndani ya Keyboard, Shortcuts, kwa chini. Njia ya mkato ni Control na F7, kwa laptopu ongeza Fn. Firefox ya Mac nayo kwa miaka mingi ilikuwa inafuata hiyo setingi ya mfumo, ndio maana ulikuta mtu analalamika Firefox mbovu kumbe ni Mac. Chrome yenyewe inapita kwenye linki bila kuambiwa.

Kitu kingine usije ukashtuka: listi za kuchagua, mfano mkoa au wilaya. Windows ukiwa juu ya listi ukabonyeza mshale wa chini inabadilisha jibu palepale bila kufungua listi, Mac inaifungua kwanza halafu unachagua kwa Enter. Kwenye Windows ukitaka ifunguke kwanza tumia Alt na mshale wa chini, itakuokoa kwenye zile fomu ambazo ukigusa mkoa tu ukurasa unajipakia upya.

dogo_wa_mbezi

Si utumie touchpadi tu dada, ya Mac ni laini sana

karani_wa_moro

Mdogo wangu touchpadi ndio mbaya zaidi, kidole kikitetemeka inahesabu nimebofya, nimeshafuta vitu vya watu hivyo. Fundi asante sana, nimetia tiki sasa hivi, linki zinafikika! Bado ile ya Wasilisha.

sauti_ya_kisauni

Salaam aleikum. Mimi sioni, nipo Mombasa, natumia NVDA kwenye Windows, ni programu ya bure ya kusoma skrini, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006. Dada hiyo batani yako naijua bila kuiona. Si batani, ni maandishi yaliyopakwa rangi yafanane na batani. NVDA ikifika hapo haisemi "button", inasema "clickable", na mimi nikipiga Enter mara nyingi inakubali kwa sababu programu inanibofyea yenyewe. Kwa hiyo angalia ajabu yake, mimi nisiyeona naweza kuituma na wewe unayeiona huwezi. Watu wakisikia habari za ulemavu na kompyuta wanafikiri vipofu peke yetu, mtu wa mkono kama wewe anasahauliwa katikati.

Za kukutoa kwa sasa ni mbili. Kwenye Mac, ndani ya System Settings, Accessibility, Pointer Control, kuna Mouse Keys. Ukiiwasha herufi zinakuwa mausi: 8 juu, K chini, U kushoto, O kulia, na I ndiyo kubofya. Ni pole pole lakini haitetemeki. Ukimaliza izime la sivyo hutaandika kitu. Ya pili weka Vimium, ni programu ndogo ya kuongeza ndani ya brauza, kwenye Chrome, unabonyeza f, kila kinachobofyeka kinatokea na herufi zake juu, unaandika hizo herufi basi. Mara nyingi inazikamata hata hizo batani za uongo.

mjenzi_wa_tovuti_254

Niko Nairobi, kazi yangu ni kutengeneza websaiti na nimesoma hii thredi nikiumia kusema kweli. Sauti amesema sawa kabisa. Aliyeandika hiyo fomu ametumia div, yaani kisanduku tupu cha HTML, na onclick, yaani amri inayosubiri kubofywa. Div haina nafasi kwenye foleni ya Tab. Angeandika button ya kawaida angepata vyote bure, Tab inafika, Enter na Space zinafanya kazi, programu ya kusoma skrini inaitaja kwa jina lake. Wengine wakiambiwa wanaongeza tabindex="0", inayoiingiza kwenye foleni ya Tab, wanadhani wamemaliza, sasa Tab inafika lakini Enter haifanyi kitu, mtumiaji anabaki anagonga mlango usio na mtu.

Na kuna dhambi nyingine ambayo mimi mwenyewe nimewahi kuifanya, outline: none. Kasta anasema hataki ule mstari wa bluu kuzunguka batani, unaufuta, basi mtu wa kibodi hajui yuko wapi tena. Siku hizi hakuna sababu. Kuna :focus-visible, mstari unamtokea anayetumia kibodi, anayebofya batani kwa mausi haoni kitu. Chrome, Firefox na Safari zote zinaielewa tangu Machi 2022.

Dada waandikie wenye huo mfumo. Usiseme tu "haifanyi kazi", watakwambia ujaribu kompyuta nyingine. Waandikie: batani ya Wasilisha haifikiki kwa kibodi, kwenye Chrome ya Windows na Safari ya Mac, hicho ni kigezo cha 2.1.1 cha WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, kipo tangu 2008, na kiko kwenye ngazi ya A ambayo ndiyo ya chini kabisa. Waambie kuibadilisha iwe button ni kazi ya dakika chache. Developa akipata ujumbe kama huo anajua mstari wa kwenda kuutafuta.

karani_wa_moro

Wakuu nimerudi. Vimium imeikamata, imetokea na herufi mbili juu yake, nimeziandika fomu ikaenda, saa tano usiku, peke yangu, sikumwita mtu. Mouse Keys nayo nimeijaribu, nimeielewa ila nilisahau kuizima nikashangaa sehemu ya jina haiandiki. Ujumbe nimewaandikia kama mjenzi alivyosema na namba ya kigezo nimeweka. Wakijibu nitaleta hapa.

Swali dogo la mwisho, kwenye ukurasa wenye linki mia kuna njia ya kuruka moja kwa moja bila kupiga Tab mara mia? Vidole navyo vinachoka.

fundi_wa_k_koo

Firefox dada. Bonyeza alama ya ' halafu anza kuandika maneno ya linki, inatafuta kwenye linki tu, ikiikamata Enter. Linki ya "Pakua ripoti" unaandika 'paku tayari upo.