Mashindano ya klabu ziwani, nivue samaki aina ya karpu vipi?

Wadau habari, niko Uingereza, Jumapili klabu yetu ina mashindano ya masaa matano kwenye kaziwa kadogo, ni karpu watupu. Mara ya kwanza nilipata wawili tu na jirani yangu anatoa kila dakika, iliniuma sana kusema kweli. Nibadilishe nini?

Jibu 1:
Mkuu, namba ya sehemu ya kukaa kuvulia ni bahati maana inatolewa kwenye mfuko asubuhi, ila mengine ni juu yako. Pima kina kwanza kabla hujatupa chochote, karpu anakula chini anachimbachimba tope, chambo kikining'inia juu unapoteza muda. Weka mahindi matamu mawili matatu kila baada ya muda, usimwage mengi, wakishiba hawagusi ndoano. Mchana kukiwa na joto sogea pembeni kabisa karibu na matete, mimi samaki wangu wakubwa wote nimewatoa hapo.

Jibu 2:
Naongezea, hakikisha una leseni ya fimbo, yaani kibali cha kuvua kwa fimbo na ndoano, kuanzia miaka 13 lazima. Na tumia ndoano isiyo na jino, kile kincha kinachozuia isichomoke, samaki anapimwa uzito mwishoni halafu anarudi majini akiwa hai, lowanisha mikono kabla ya kumshika maana ule ute ndo kinga yake.

Muuliza swali:
Asanteni sana, nadhani nilimwaga chambo kingi mno. Hivi kina napimaje?

Jibu 1:
Bana kirisasi kwenye ndoano, shusha, chelezo (kile kinachoelea) kikizama ongeza urefu wa uzi chini yake, kikitokeza sana au kulala punguza, mpaka ncha tu ionekane.